Maswali Yenu: Wote tunaongea Kiswahili, mbona hatuelewani?

Toleo lililopita niliahidi kwamba mwezi huu tutaongelea mambo ya kodi za nyumba, lakini zimekuja barua nne zinafuatana na zote zinalia kilio kimoja, watu wamehama, wamefika kwenye mji mdogo ambako kila mtu anamjua mwenzie, wao wanaongea Kiswahili na wenyeji wanaongea Kiswahili na bado hawaelewani. Kodi itasubiri. Hili nalijua kwa sababu limenipata, kwa hiyo nimeona niwajibu wote wanne kwa pamoja, majina nimeyatoa.

SWALI: Habari dada. Mimi nimezaliwa na kukulia Mwanza, mume wangu kapata kazi Wete, Pemba, tumehamia na watoto wawili, huu mwezi wa tatu. Watu wa huku ni wazuri sikatai ila nachoka. Siku ya kwanza nimeuliza bomba liko wapi nichote maji, mama mmoja akanambia mfereji upo nyuma ya nyumba, mimi nikazunguka nyuma natafuta mtaro. Sokoni nikaulizia viazi mviringo muuzaji akanitazama weee, badae akasema "aa, wataka mbatata?" Wanangu sasa hivi hawasemi shule, wanasema skuli. Na mimi nikisema "naendaga sokoni asubuhi" watu wanacheka. Nimeanza kunyamaza, nikienda dukani nanyoosha kidole tu. Nijifunze kuongea kama wao au nibaki na Kiswahili changu ambacho ndio cha vitabuni?

JIBU: Mdogo wangu pole sana, na katika yote uliyoandika kilichoniuma ni hicho kidole. Mbatata utaizoea wiki mbili tu, lakini mtu akishaanza kunyamaza kwenye mji mdogo watu hawajui kama ananyamaza kwa aibu, wao wanaona anajivuna, na ukishawekwa kwenye fungu la wanaojivuna kutoka huko ni kazi.

Kwanza nikwambie ukweli bila kuzunguka, Kiswahili chako sio cha vitabuni. Hiyo "naendaga" ni ya bara, hiyo -ga ya mwishoni wasemaji wa lugha zetu za bara, Kisukuma kikiwemo, tumeitoa nyumbani tukaipachika kwenye Kiswahili, na mimi wa Dodoma naisema hadi leo nikiwa na ndugu zangu, ni tamu na inasema jambo haraka. Ila ukifungua kitabu cha sarufi utakuta "huenda sokoni". Kwa hiyo wakicheka wanacheka kitu kipya masikioni mwao, kama wewe ulivyoshangaa skuli.

Na hicho cha vitabuni chenyewe kimetoka upande huo huo ulikohamia. Zamani wamisheni waliokuwa wanaandika kamusi na vitabu vya lugha hii hawakukubaliana, Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 aliandika kwa kufuata Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, na Askofu Steere aliyekuwa Zanzibar akafuata Kiunguja. Serikali za kikoloni zikataka kitabu kimoja cha kutumika shule zote za Afrika Mashariki, ndio wakakaa kikao Mombasa mwaka 1928, na kikao hicho kilichofanyika Mombasa kwenyewe kikachagua Kiunguja. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi zote nne, Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, kusimamia usanifishaji. Sasa Kiunguja walichokichukua ni kile cha mjini, usije ukadhani kisiwa kizima kinaongea hivyo, maana mtu wa mjini Unguja akienda Makunduchi au Tumbatu akawasikiliza wazee wakiongea wao kwa wao anaweza kuachwa njiani, na Pemba nao wana chao. Nimekueleza yote haya ili utulie moyo, kile tunachokiita sahihi kilichaguliwa na watu mezani kwa sababu za kazi. Muuzaji wako wa mbatata hakosei na wewe wa viazi mviringo hukosei.

Chukua hiyo skuli inayokukera. Zanzibar iliingia chini ya Uingereza mwaka 1890, neno likaja na Waingereza. Sisi Tanganyika tulikuwa chini ya Wajerumani mpaka vita ya kwanza ya dunia, na wao shule wanaiita Schule, tukabaki nayo. Hata hela tunayoitaja kila siku imetoka kwenye Heller, sarafu ndogo iliyoanza kutumika koloni la Wajerumani mwaka 1904, mia moja zikifanya rupia moja. Kwa hiyo mwanao akisema skuli na wewe ukasema shule, wote wawili mnaongea neno la mgeni, tofauti ni mgeni yupi alipita kwenu. Mfereji nao hivyo hivyo, kwetu ni mtaro wa maji machafu au wa shambani, kwao ndimo yanamotoka maji ya kunywa.

Sasa ufanye nini. Maneno ya vitu yachukue, tena yachukue haraka, mbatata, skuli, mfereji, champali (ndio ndala hizo), hakuna hasara yoyote na sokoni utahudumiwa upesi. Ukitaka kupita katikati ya watu sema kumradhi. Lakini lafudhi iache, usijaribu kuvuta sauti kama wao wala kusema "nnakwenda" na "nshakula" kwa kulazimisha, itakuja yenyewe au haitakuja, maana mtu mzima anayeigiza lafudhi ya watu huwa anaonekana kama anawakejeli hata kama nia yake ni nzuri. Na badala ya kidole tumia swali hili, "samahani, hiki nyie mnakiitaje?" Hilo swali nimelitumia miaka minne niliyokaa Mkoani, huko huko Pemba, sijawahi kukuta mtu aliyekasirika kuulizwa, wengi wanakuvutia kiti.

Nikusimulie moja. Jirani yangu Mkoani, mama mtu mzima, asubuhi moja alinambia wao siku hiyo hawana kitoweo. Kwetu Dodoma kinacholiwa na ugali chote ni mboga, iwe nyama iwe samaki iwe majani, kwa hiyo mimi nikachukulia kitoweo ndio hiyo mboga wanayosema wao, nikakimbia ndani nikamletea fungu la mchicha. Akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaniombea dua. Baada ya siku kadhaa binti yake ndio akanieleza taratibu kwamba kitoweo ni samaki au nyama, majani sio kitoweo. Nilijisikia vibaya, nikarudi kwa yule mama kumuomba radhi, akanambia "mwanangu, wewe ulisikia sina, ukaleta, hayo mengine ni maneno." Kuanzia siku ile kila alichopika nilikuwa naitwa nikaulizwa kinaitwaje kwetu. Fungua mdomo mdogo wangu, wakicheka cheka nao kisha uliza.

SWALI: Sasa shosh? Mimi ni kijana wa Nakuru, nilipata kazi kwa nyumba ya wageni Lamu, mwenye nyumba ni mama mzee mpoa sana. Siku ya pili aliniita akasema "ndoo!" nikampelekea ndoo. Akaangua kicheko, na mimi kwa aibu nikacheka pia, akaniuliza "wateka nini?" nikamjibu sijateka kitu, mfereji hauna maji. Alicheka mpaka akaketi. Siku nyingine ilinyesha akaniambia mvua inanya, hapo sikujua hata nitaangalia wapi, kwa sababu kwetu hilo neno haliwezi semwa mbele ya mtu wa rika lake. Nimesoma Kiswahili mpaka fomu foo na nilikuwa napata A, nashindwa hiki ni Kiswahili gani.

JIBU: Mjukuu wangu, kama umeniita shosh mimi nimekubali! Hiki ni Kiswahili chenye miaka mingi kuliko hicho ulichopatia A, na habari njema ni kwamba kina mpango, ukishaushika mpango nusu ya kazi umemaliza.

Sikiliza. Palipo na nj kwenye Kiswahili cha shuleni, Lamu na Mombasa mara nyingi wanaweka nd. Njia inakuwa ndia, njaa inakuwa ndaa, na njoo inakuwa ndoo, kwa hiyo mama alikuwa anakuita uende. Palipo na ch mara nyingi utasikia t, kichwa kitwa, macho mato, mchanga mtanga, chini tini, na kucheka kuteka. Alikuuliza unacheka nini, na wewe ukamletea habari za maji, lazima aketi! Halafu Lamu wana lao la zaidi, j huwa inaanguka au inageuka y, moja wanasema moya, maji ni mai. Chukua karatasi leo usiku, andika maneno ishirini unayoyajua ya nj na ch, uyageuze, kesho uyasikilize wanavyoongea, utashangaa yanavyofunguka.

Na hapa naomba msomaji yeyote wa bara anisikilize. Hicho mnachokiita Kiswahili kibovu cha wazee wa pwani ndicho kilichobeba mashairi yetu ya zamani. Mwana Kupona, mama wa huko kaskazini ya pwani, alimwandikia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858 na lugha yake ni ya upande huo huo wa Lamu na Pate, miaka 70 kabla ya kile kikao cha 1928 nilichokitaja hapo juu. Mwanafunzi wa leo akiusoma anahitaji maelezo pembeni ya kila ubeti, wewe utapata bure kutoka kwa bosi wako ukiwa unafagia. Mimi naona umebahatika, nasema kwa moyo.

Hiyo ya mvua usione haya. Mvua kunya ni Kiswahili cha kawaida, kimo mpaka kwenye kamusi, ni sisi wa bara tuliobaki na ile maana nyingine peke yake ndio maana neno limekuwa chafu masikioni mwetu. Mama hakutukana. Wewe endelea kusema inanyesha, atakuelewa, hakuna anayekulazimisha.

Jambo moja nikuonye ila, akisema leso anamaanisha lile vazi ambalo Tanzania tunaita kanga, najua Kenya mmezoea hilo, lakini siku mgeni kutoka Dar akija hapo akaomba leso mpe kitambaa cha mkononi, huyo anataka kupangusa jasho.

SWALI: Hujambo dada. Mimi natoka Kisumu, nimeolewa Tanzania, tunaishi mji mdogo karibu na Moshi. Tatizo langu watu wanasema mimi ni mkali. Sijawahi gombana na mtu. Nikienda dukani nasema "nipe sukari kilo moja", kwetu hiyo ni kawaida kabisa, hapa muuza duka ananiangalia kama nimemtukana. Wifi yangu ndiye aliniambia eti nina amri. Watoto wakinisalimia shikamoo najibu poa na wanacheka. Na nikijitambulisha kwamba mimi ni bibi ya fulani watu wananiangalia kutoka juu mpaka chini. Nishike nini niache nini?

JIBU: Wewe barua yako ndio ngumu kuliko zote, maana wa Lamu kakosa maana ya neno na kila mtu kaona kuwa ni neno tu, lakini kwako maneno yote yanaeleweka vizuri, kinachopotea ni adabu, na adabu ikipotea watu hawasemi "hajui lugha", wanasema "ana tabia mbaya". Wanakuhukumu bila kujua kuwa wanakuhukumu, na hilo linaniudhi kidogo kwa niaba yako.

Tanzania mtu anayenunua kwa pesa yake mwenyewe anasema naomba. Naomba sukari, naomba soda, naomba nipite, hata nauli anayoidai konda anasema naomba nauli. Hatuombi kitu kweli, ni namna tu ya kulainisha, na mtu akisema nipe au leta masikio yetu yanasikia bosi. Kwenu nipe haina ukali wowote, nimekaa na Wakenya nalijua hilo, na neno lenu tafadhali ambalo kwenu linafanya kazi hiyo, huku tunalijua ila mdomoni hatulitumii sana. Basi badilisha neno moja tu, nipe iwe naomba, na kabla yake salimia. Usiingie dukani na shida yako mkononi. Ingia na habari za asubuhi, subiri ajibu, naye akuulize, mjibu nzuri hata kama sio nzuri, ndio sasa sukari. Najua inachosha ukiwa na haraka, lakini mji mdogo salamu ndio kitambulisho.

Shikamoo inajibiwa marahaba. Hakuna jibu lingine, na wewe kama ni mke wa mtu hapo utaamkiwa sana kwa hiyo zoea. Wewe pia waamkie waliokuzidi, mkwe wako, wazee wa mtaani, hata yule mama wa genge la nyanya kama anaonekana ni rika la mama yako. Ukisita kama mtu ni mkubwa kwako au la, mpe tu shikamoo, wachache wataona umewazeesha na watakuambia kwa kucheka.

Hiyo ya bibi sasa. Kenya bibi ni mke, nyanya ni mama wa mama au wa baba. Tanzania nyanya ni ya kwenye mchuzi, na bibi ndio huyo mama wa mama. Kwa hiyo ulivyosema mimi ni bibi yake, watu walikuwa wanakutafuta mvi! Sema mke wa fulani, au subiri ukipata mtoto utaitwa mama fulani na jina lako watalisahau. Na pole pia angalia, ukimkanyaga mtu ukamwambia pole atakuona kama mpita njia unayemuonea huruma, hapo sema samahani au nisamehe, pole huku ni ya mtu aliyepatwa na jambo, mgonjwa, mfiwa, hata aliyetoka kazini amechoka.

Halafu fanya na hili, mwambie wifi yako kama ulivyoniambia mimi. Mwambie kwetu nipe sio amri. Huyo kakuambia usoni, hakukusengenya, maana yake anakupenda, na yeye ndiye atakayekutetea ukiwa haupo. Wewe umebadilika kwa ajili yao, na wao wajue walau kwa nini ulikuwa vile.

SWALI: Mwandishi salaam. Nimetoka Dar na familia, nafanya biashara Kalemie, Kongo, upande wa pili wa ziwa ukitoka Kigoma. Binti yangu ana miaka sita, baada ya miezi michache tu ananambia "batu ni bengi", asante anasema aksanti, juzi kaulizwa wewe ni nani akajibu "niko mwanafunzi". Kaka yake wa miaka kumi na tano anaongea vile vile alivyotoka Dar hajabadilika hata kidogo. Naogopa huyu mdogo tukirudi Tanzania atafeli. Nimkataze?

JIBU: Kaka, usimkataze. Binti yako anafanya kile ambacho watoto wa umri wake wanafanya dunia nzima, na kaka yake naye hana tatizo. Kuna mtaalamu wa lugha wa Canada anaitwa Chambers, mwaka 1992 alichapisha utafiti wa watoto sita wa kutoka Canada waliohamia kusini mwa Uingereza, na alichoeleza ni kwamba mtoto wa miaka saba kushuka chini karibu hakika anaichukua lahaja ya alikohamia, na aliyefika na miaka kumi na nne kwenda juu karibu hakika haichukui yote, hapo katikati inategemea mtoto. Wa kwako wawili wamekaa pande mbili za huo mstari, ni kama walipangwa.

Pia asikudanganye mtu kwamba anachoongea hakina kanuni. Batu kwa watu, bengi kwa wengi, hiyo ba- ni ya lugha nyingi za Kibantu za huko, na "niko mwanafunzi" ndio namna wanavyosema "mimi ni" sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, mtoto kaishika bila kufundishwa na mtu. Kuhusu mtihani, mtoto hujifunza kirahisi kwamba kuna lugha ya hapa na lugha ya pale endapo zote mbili anazisikia. Kwa hiyo nyumbani nyie ongeeni kama mlivyokuwa mkiongea Dar, msomee hadithi za Kiswahili cha shuleni jioni hata dakika kumi, na akisema batu mjibu "ndio, watu ni wengi kweli" uendelee na maongezi bila kumkata. Usimsahihishe mbele ya wenzake kabisa, hao ndio marafiki pekee alionao hapo na lugha yao ndiyo iliyompa nafasi kwenye mchezo.

Na likizo mkienda kumuona bibi yake, mwambie tu kwa bibi tunasema watu na asante. Atakuwa ameshabadilisha mwenyewe kabla hamjashuka Kigoma.